Musalaba wa shaba na mabawa ya ndeke: alama ni ya nani?

Alama ni lugha. Chifu akivaa ngozi ya chui hana haja ya kujieleza, kila mtu anaelewa. Kwa ndege za vita, ao ndeke kama tunavyosema mtaani, ni vilevile. Mtu aliye chini hawezi kumuuliza rubani: wewe ni wa nani? Anatazama rangi tu, na ndeke imekwisha kupita.

Njo maana Wafaransa walianza kuchora miviringo ya bluu, nyeupe na nyekundu juu ya ndege zao mwaka 1912. Waingereza, vita ilipoanza mwaka 1914, walichora kwanza bendera yao. Lakini kwa mbali musalaba wake ulionekana kama ule wa Wajerumani. Wakauacha, wakachukua miviringo ya Wafaransa, wakageuza mupango wa rangi. Kwa hiyo alama ya ndege inapimwa na macho ya yule aliye chini, si ya yule aliyeichora.

Tukipima za kwetu kwa kipimo hicho, tunapata taabu. Bendera ya 1960 ilikuwa ya bluu yenye nyota saba. Mwaka 1963 ukaja mustari mwekundu. Mwaka 1971 tukapata kijani na mwenge, na jeshi la anga likaitwa la Zaïre. Mwaka 1997 nyota saba zikarudi, na jina la Congo pamoja nazo. Mwaka 2006 mustari mwekundu ukarudi tena. Haya yote katika maisha ya mzee mmoja! Ndeke inayovaa nguo za kila utawala, mtoto wa Likasi ataijua namna gani kuwa ni ya kwao?

Hapa Katanga kuna jambo lingine linalouma zaidi. Serikali ya kujitenga, 1960 mpaka 1963, iliweka misalaba mitatu ya shaba, zile croisettes, katika bendera yake. Ile misalaba haikuzaliwa mwaka 1960. Bankambo waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo hilo karne nyingi mbele ya Wazungu. Ilikuwa feza. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, imekutwa ndani ya makaburi, imelazwa pamoja na wafu.

Lakini serikali hiyo ilikuwa pia na jeshi la anga, Avikat. Mwezi wa tisa 1961, ndege yake ya Fouga Magister, yenye herufi KAT, ilishambulia askari wa ONU. Marubani wa Avikat wengi walikuwa wageni waliolipwa. Tuseme wazi: alama ya bankambo iligeuzwa kuwa drapo ya vita, na walioipigania angani hawakujua hata jina lake katika lugha zetu.

Toka siku hizo, wengine wanasema musalaba wa shaba ni alama ya mugawanyiko, heri tuuache. Sisi hatukubali. Tuangalie chui. Mobutu alivaa kofia ya chui, na kichwa cha chui kilikuwa katika nembo ya Zaïre. Alipoanguka mwaka 1997, chui naye akaondolewa. Lakini mwaka 2006 alirudi katika nembo ya taifa, kati ya pembe ya tembo na mukuki, juu ya jiwe. Hatusikii mtu akisema kwamba ni chui wa Mobutu. Sababu gani? Kwa sababu watu walijua kwamba chui alikuwa wa machifu mbele ya kuwa wa Mobutu.

Basi kosa si la musalaba. Kosa ni letu tulioacha kufundisha. Mtoto anayejua kwamba ule musalaba ulikuwa feza na heshima ya wafu, hakuna chama kitakachomudanganya nao. Asiyejua, atapokea maana yoyote atakayopewa na mwenye silaha.

Kwa hiyo tunaomba wazazi na walimu wa majimbo yote manne yaliyotoka katika Katanga ya zamani, tangu ilipogawanywa mwaka 2015: fundisheni watoto kusoma alama. Rangi ya ndeke inapakwa kwa siku moja na kufutwa kwa siku moja. Ile ambayo watu wanaijua maana yake, hakuna utawala unaoweza kuifuta.