Kinjeketile na Suala la Umoja: Je, Maji Yanatosha?

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ndugu Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi wetu. Wengi wamefundishwa kuwa ni hadithi ya ushujaa wa wazee wetu mbele ya Mjerumani. Mafundisho hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Swali kubwa la tamthilia hii si vita. Swali lake ni hili: watu wanaoonewa na adui mmoja, lakini wao kwa wao hawaaminiani, wanaunganishwaje? Na umoja wao ukishapatikana, unasimama juu ya msingi gani? Hilo ni swali la siasa, na kada asiyelijibu vizuri anaweza kuiumiza nchi huku anadhani anaitibu.

Tuanze na yale ambayo mwandishi ameyaona sawasawa. Pazia linapofunguka hatuoneshwi mashujaa. Tunaoneshwa wanawake wanaozungumzia njaa, waume wanaopelekwa shambani kwa nguvu, na aibu ya nyumba ambayo haiwezi kumlinda binti yake. Wanaume wanapokutana kwa siri kupanga cha kufanya, mkutano unaharibika. Kila mmoja anakumbuka ubaya wa kabila la mwenzake kabla ya kukumbuka ubaya wa mkoloni. Si bure kwamba baadhi ya wahusika wanaitwa kwa makabila yao tu. Mwandishi anatuambia kwamba dhuluma peke yake haileti umoja. Watu wanaweza kupigwa kwa mjeledi mmoja na bado kila mmoja akalia kivyake. Huo ni ukweli mchungu, na wapo wanadharia wetu waliousahau pale walipodhani kwamba unyonyaji ukizidi mwamko huja wenyewe.

Ndipo anapoingia Kinjeketile. Anachukuliwa na Hongo, anazama mtoni, anatoka na maji, na watu waliokuwa wakitiliana shaka wanasimama pamoja. Lakini papo hapo mkinzano unazaliwa. Maneno aliyoyatoa akiwa amepagawa yanaahidi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili yake inapomrudia anajiuliza: tumtoe Mjerumani ili atutawale Sultani? Anaanza kuyashuku maji yale yale yaliyowaunganisha watu. Anataka wangoje, wajifunze vita, wajipange. Watu hawataki kungoja, kwa sababu aliyekwisha kuamini kwamba risasi itageuka maji haoni haja ya mazoezi. Hapo ndipo penye nguvu ya tamthilia hii. Chombo kilicholeta umoja ndicho kinachouzuia umoja huo usikomae.

Sasa tuseme upungufu wake. Tamthilia inauweka umoja wote kichwani mwa mtu mmoja. Shaka ya Kinjeketile inakuwa msiba wa nafsi yake, haipati kuwa mjadala wa jeshi zima. Mwandishi mwenyewe ametuonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, na hatuna haki ya kumdai msanii kumbukumbu za mahakama. Lakini tuna haki ya kuuliza uchaguzi wake umeficha nini.

Historia inasema hivi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti, 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete. Vita viliendelea hadi mwaka 1907. Vilienea kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengine, katika nchi ambayo wengi wao hawakupata kumwona mtu huyo. Tarehe 27 Februari, 1906, pale Songea, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa makumi. Kama umoja ungekuwa ni kazi ya nabii mmoja, ungekufa naye Agosti ile. Haukufa, kwa sababu chini ya maji palikuwa na kitu kingine: pamba ya lazima iliyoletwa na serikali ya Götzen kuanzia mwaka 1902, kodi, kazi ya kulazimishwa, na malipo duni kiasi kwamba wengine waliyakataa. Maji yaliwapa watu ujasiri na lugha ya pamoja. Sababu ya pamoja walikuwa nayo tayari. Kwa hiyo yule anayesema Majimaji ilikuwa ni ushirikina amekosea, na yule anayesema ilikuwa ni miujiza ya kiongozi amekosea vile vile.

Historia inatuonesha pia mipaka ya umoja ule. Wahehe walikuwa wamepigana na Mjerumani peke yao katika miaka ya tisini, mpaka Mkwawa alipokufa mwaka 1898. Vita vya Majimaji vilipofika, wengi wao hawakujiunga. Majumbe na baadhi ya akida waliosimamia mashamba ya pamba walikuwa Waafrika, na baadhi yao walikuwa ndugu wa wale waliochapwa. Hakuna maji yanayoweza kuufuta mgawanyiko wa namna hiyo. Ulihitaji kuchambuliwa, kusemwa waziwazi, na kutafutiwa dawa yake. Matokeo tunayajua: bunduki za rashasha kule Mahenge, mashamba na maghala kuchomwa, na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifikia laki tatu.

Je, mwisho wa tamthilia tuuelewe vipi? Kinjeketile anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, na kuna wahakiki waliomhukumu kwamba ameukumbatia uongo ili kulinda heshima yake. Mimi sikubaliani nao. Anajua kwamba akikiri, mkoloni hatautangaza uongo wa maji tu. Atatangaza kwamba hata madai ya watu yalikuwa uongo, na watoto wataambiwa baba zao walipigania upuuzi. Dawa ilikuwa batili, lakini ugonjwa ulikuwa wa kweli, na kutaka kupona kulikuwa halali. Kosa lake halikuwa kukataa pale gerezani. Kosa lake lilikuwa la mapema zaidi: hakuwaamini watu kiasi cha kuwashirikisha shaka yake. TANU, ilipoundwa tarehe 7 Julai, 1954, ilifuata njia nyingine. Ilifungua matawi, ikaandikisha wanachama, ikafanya mikutano, ikabishana. Ulikuwa umoja wa kujengwa, tofali juu ya tofali.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: haya ya mwaka 1905 yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu sana. Tumezoea kuyatumia maneno umoja na amani kama Hongo alivyotumia maji. Panapotokea mfarakano tunawanyunyizia watu maneno hayo, kisha tunashangaa jeraha linapofunguka tena.

Tuchukue mfano wa Zanzibar. Tarehe 26 na 27 Januari, 2001, damu ilimwagika, na watu wa Pemba wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo CCM na CUF zikatia saini Muafaka. Ulikuwa hatua muhimu, lakini ulikuwa wa viongozi zaidi kuliko wa wananchi, na mfarakano ulirudi. Maridhiano yaliyoanza Novemba 2009 yalikwenda hatua mbele, kwa sababu wananchi wenyewe waliulizwa. Tarehe 31 Julai, 2010, walipiga kura, na karibu theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hata hivyo uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na CUF, na Serikali ya Umoja ikavunjika mpaka iliporudi mwishoni mwa mwaka 2020. Funzo ni nini? Ni kwamba muundo wa juu, hata ukiwa mzuri, hautadumu ikiwa kule shehiani mtu wa chama hiki bado hamzungumzishi jirani yake wa chama kile, na ikiwa mwenye malalamiko haoni mahali pa kuyapeleka akasikilizwa.

Kwa hiyo kazi ya kada katika nchi iliyofarakana si kuhubiri umoja. Kwanza, achunguze mgawanyiko umetoka wapi: ni ardhi, ni ajira, ni uonevu wa mtendaji, ni damu iliyomwagika bila kuulizwa? Pili, asimwite adui kila anayelalamika. Kitunda na wenzake walilalamika kabla ya kuamini maji yoyote, na walikuwa na haki. Tatu, akiwa na shaka juu ya njia yetu wenyewe, aiseme kikaoni, asiifiche kwa kuogopa kuvunja mshikamano. Mshikamano unaovunjwa na swali moja haukuwa mshikamano.

Ni kweli kwamba Ndugu Hussein hakutupa jawabu kamili. Tamthilia inaishia gerezani, na tulio nje ndio tunaoachiwa kazi. Wanafunzi waendelee kuisoma, lakini wasiishie kumlilia shujaa. Wakifika mwisho warudi mwanzo, kwenye ule mkutano wa siri ulioharibika, wajiulize kila mmoja pale alikuwa anaogopa nini, na ni nani angekaa naye chini amsikilize kabla maji hayajahitajika.