Gombo la Torati Likichoka

Mwaka 1964 malori yaliyotoka Prague yalishusha magombo ya Torati 1,564 katika jengo la Sinagogi ya Westminster, London. Yalikuwa mali ya jumuiya za Kiyahudi za Bohemia na Moravia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vifaa vya masinagogi yao vilikusanywa kwenye Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Prague, na wengi wa waumini wakauawa na Wanazi. Baada ya vita magombo hayo yalirundikwa katika sinagogi iliyoachwa huko Michle, kitongoji cha Prague, yakaliwa na unyevu. Waliopokea urithi huo London walilazimika kuamua lipi litengenezwe, lipi lizikwe na lipi libaki kama lilivyo. Familia ya Kiyahudi inayofungua sanduku la marehemu babu hukutana na maamuzi hayohayo, ila mzigo wake ni mdogo.

Uchambuzi wa kwanza hauangalii uchakavu. Talmudi, mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi, katika kitabu chake cha Megila, imevigawa vifaa vya ibada makundi mawili. Vyombo vya utakatifu, yaani vile vinavyohifadhi maandiko yenye Jina la Mungu, vikichakaa huwekwa mahali pa staha, kisha huzikwa. Vyombo vya amri, yaani vile vinavyotumika kutimiza agizo bila kubeba maandiko hayo, vikimaliza kazi vinaweza kutupwa. Ndiyo maana mfuko wa kitambaa wa kuwekea tefilini, yaani visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa mwilini wakati wa sala, hata uwe umetoboka, una hadhi kubwa kuliko pembe ya kondoo ya kupuliza ibadani iliyopasuka. Mikanda ya tefilini huzikwa pamoja na visanduku vyake vya ngozi. Nyuzi za shali ya sala zilizokatika ziko kundi la pili, ingawa desturi ya wengi ni kutozichanganya na takataka. Kikombe cha fedha cha divai ya Sabato hakina kizuizi: kiuze, kigawe au endelea kukitumia.

Uchambuzi wa pili ni wa mwandishi wa Torati, fundi aliyesomea kazi hiyo. Huyu hahukumu kwa macho ya mnunuzi wa vitu vya kale. Gombo linaweza kuwa na mti wa kuviringishia uliovunjika na ngozi iliyopauka, likatengenezeka. Jingine linapendeza kwa nje, lakini ukilifungua, wino umepukutika kwenye mikunjo, au mguu wa herufi moja umegusa herufi ya jirani. Torati ina herufi 304,805, na moja tu ikiharibika, gombo zima halisomwi mbele ya waumini mpaka lirekebishwe. Herufi ikitiliwa shaka, zipo kanuni za kumwonyesha mtoto anayejua herufi lakini hajafikia kuufahamu mstari, ataje anachokiona. Mtu mzima hafai kwa kazi hiyo, maana akili yake hujaza pengo kabla jicho halijaliona.

Hapa ndipo warithi wengi wanapokosea hesabu. Hudhani kitu kidogo ni rahisi kutengeneza, kumbe ni kinyume. Kwenye gombo la Torati, mwandishi anaweza kukwangua kosa, akaandika upya, au akaondoa kipande kizima cha ngozi na kushona kingine kwa mshipa wa mnyama. Asichoruhusiwa ni kufuta Jina la Mungu. Kosa likiwa hapo, mara nyingi kipande chote hutolewa kikazikwe. Maandiko ya tefilini na ya mezuza, ngozi yenye maandiko inayowekwa mlangoni, yana sharti jingine: kila herufi iandikwe kwa mfuatano wake. Mezuza ina herufi 713 katika mistari 22. Ya hamsini ikipoteza umbo, haiwezi kuandikwa upya, kwa kuwa zinazoifuata zimekwisha kuitangulia. Karatasi ile ya ngozi imemaliza kazi, hata kama mistari mingine yote ni safi.

Kilichoshindikana huenda genizani, yaani chumba, kabati au shimo la kuhifadhi maandiko yaliyochoka, na baadaye kaburini. Kwa Torati yenyewe Talmudi inataja kuizika kando ya mwanachuoni, ndani ya chombo cha udongo. Lakini si kila geniza iliwahi kumwagwa ardhini. Ile ya Sinagogi ya Ben Ezra, Kairo ya kale, ilikaa karne nyingi bila kuzikwa. Solomon Schechter alipoifikia katika msimu wa 1896 na 1897 alisafirisha sehemu kubwa yake kwenda Cambridge, na humo wasomi wakakuta hata barua za wafanyabiashara wa Aden na pwani ya India.

London walifuata mkondo wa kati. Magombo yalikaguliwa na kupangwa kwa hali zake, kila moja likapewa namba. Mwandishi David Brand akayatengeneza yaliyotengenezeka, kazi iliyomchukua miaka mingi. Mengi yalikopeshwa kwa jumuiya duniani, bila kuuzwa. Hata yaliyoshindikana yalipata kazi, nayo ni ukumbusho wa jumuiya zilizofutwa. Wapo marabi ambao wangependelea yazikwe, na hoja yao ina mizizi katika sheria. Nguvu ya uamuzi wa London ni kwamba ulifuata ukaguzi, haukuutangulia.

Mrithi mwenye sanduku afuate mpangilio huo. Asifungue kisanduku cha tefilini kwa kisu, asibandike karatasi iliyoraruka kwa gundi, wala asiuze kabla mwandishi hajaona. Akiamua kubaki na kilichoshindikana, akiwekee maandishi ya nje yanayosema hakifai kwa ibada. Mezuza isiyo na alama hiyo itapigiliwa mlangoni na mjukuu kwa nia njema, na nyumba itaishi miaka na miaka ikiamini amri imetimizwa.