Galaksi Iliyozimika au Iliyokoma Kuzaa?

Katika tafsiri kadhaa za elimu ya nyota zilizotufikia tumekuta maneno "galaksi zilizozimika". Watafsiri wamekusudia zile galaksi ambazo zimeacha kuunda nyota mpya, hasa zilizomo katika makundi makubwa yenye msongamano, kama kundi la Coma lililo umbali wa miaka-nuru milioni 320 hivi kutoka kwetu. Neno hilo ni jepesi na halimpi msomaji taabu yoyote. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatari yake. Ajuaye kuwa taa iliyozimika haitoi nuru atadhani kuwa galaksi hizo ni giza, na sivyo hata kidogo. Zinang'aa kwa mabilioni ya nyota za zamani, nazo huelekea wekundu kwa kuwa nyota za buluu, ambazo maisha yake ni mafupi, zimekwisha kufa bila ya kuacha warithi. Kilichokoma ni uzazi, si nuru.

Asili ya kosa ni Kiingereza, ambacho neno lake hutumika kwa kuzima moto, kwa kukata kiu, na pia kwa kutumbukiza chuma cha moto majini. Mtafsiri ameshika maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Wapo waliopendekeza "galaksi tasa", na hilo nalo hatulikubali: tasa ni asiyezaa kabisa, ilhali galaksi hizi zilizaa sana katika ujana wake. "Galaksi iliyokoma kuzaa" ni ndefu kidogo, lakini inasema kweli.

Hata hivyo, jina la hali si tatizo kubwa kama majina ya sababu zake. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walieleza kwamba galaksi inayoingia katika kundi hupita ndani ya gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kwa mwendo wa kilomita 1,000 na zaidi kwa sekunde, galaksi hupigwa na upepo, kama apigwavyo mwendesha baiskeli siku isiyo na upepo. Upepo huo huisukuma gesi ya galaksi nje na kuziacha nyota mahali pake. Aliyewahi kupepeta mpunga hahitaji maelezo zaidi: makapi huchukuliwa, punje hubaki.

Mwaka 1980 Richard Larson, Beatrice Tinsley na Nelson Caldwell walitoa njia nyingine. Hapa gesi iliyomo ndani ya galaksi haiguswi. Kinachopotea ni akiba ya nje, ile ambayo ingeteremka pole pole na kujaza pengo. Galaksi huendelea kuzaa nyota kwa kile kilichomo ghalani mpaka kiishe.

Mojawapo ya tafsiri tulizosoma imeziita njia zote mbili "kunyimwa gesi". Madhara yake yanaonekana mara tu mwanafunzi anapofika kwenye utafiti uliotolewa mwaka 2015 na Yingjie Peng, Roberto Maiolino na Rachel Cochrane. Hao walilinganisha kiasi cha metali katika nyota za galaksi zaidi ya 26,000 zilizo karibu nasi. (Wanaelimu ya nyota huita metali kila elementi iliyo nzito kuliko heliamu, mzozo huo tuuache leo.) Galaksi ikipokonywa gesi ghafula, metali zake hubaki kwa kiasi kilekile. Ikikatiwa akiba tu, nyota huendelea kuzaliwa na kufa, metali huongezeka, wala hakuna gesi mpya ya kuzizimua. Watafiti walikuta metali nyingi zaidi katika galaksi zilizokoma, wakahukumu kwamba njia ya pili ndiyo kuu, na kwamba huchukua miaka bilioni 4 hivi. Katika tafsiri yenye neno moja, hukumu hii husomeka kwamba galaksi hazikunyimwa gesi bali zilinyimwa gesi. Mwanafunzi hatamlaumu mtafsiri. Atajilaumu mwenyewe, au atakilaumu Kiswahili.

Na Kiswahili hakina lawama hapa. Vitenzi vyetu vimekwisha kutofautisha: aliyepokonywa na aliyeishiwa wote mikono mitupu, lakini hatuwachanganyi. Kwa hiyo tunapendekeza "kupokonywa gesi" kwa njia ya kwanza na "kuishiwa gesi" kwa ya pili. "Kunyongwa", ambako ni kuigiza Kiingereza, kuachwe. Hakuna kitanzi kinachochukua miaka bilioni 4.

Si kila sitiari ya kigeni twaikataa. Galaksi ESO 137-001, iliyo katika kundi la Norma, huburura mkia wa gesi wenye urefu wa miaka-nuru 260,000 hivi, na nyota changa huzaliwa mkiani humo. Kuiita "galaksi konyeza" kunafaa, na mvuvi yeyote wa pwani angeitambua kwa picha.

Zipo pia galaksi kubwa mno ambazo hukoma kuzaa hata zikiwa peke yake, ambako nguvu za shimo jeusi la katikati hudhaniwa kuipasha gesi joto isiweze kupoa na kuwa nyota. "Kuishiwa" hakutafaa hapo, kwa kuwa gesi ipo tele. Tunawaomba wasomaji watuletee mapendekezo.