Pumzi Chini ya Mchanga

Samaki ajifukiaye mchangani hutafuta salama mahali ambapo pumzi ni adimu, na katika ufundi wake wote kujifunika ndiyo kazi sahali, ilhali kupumua akiwa humo ndiyo kazi ya hikima. Maana nyuzi za matamvua, zichukuazo hewa kutoka majini, ni laini mno, na chembe za mchanga zikipenya baina yake huzidhuru.

Mtazame taa atuapo. Hushuka hata tumbo likagusa sakafu ya bahari, kisha hupigapiga kingo za mapezi yake mapana, mchanga ukainuka mfano wa vumbi la uwanja unaofagiwa na kumwangukia mgongoni, yakasalia macho mawili tu, na nyuma ya kila jicho tundu moja. Matundu hayo ndiyo siri ya shauri zima. Kinywa cha taa kimelalia mchanga, na lau angevuta maji kwa njia hiyo angevuta na taka. Basi huyapokea maji safi ya juu kwa matundu yale, yakapita matamvuani, yakatokea upande wa tumbo kwa nyufa tano za kila ubavu. Ndani ya kila tundu mna kilango kinachozuia maji yasirudi yalikotoka, na mtu akitulia karibu katika maji maangavu aweza kukiona kikifunguka na kufumba hali mwili wote umetulia tuli.

Hivyo taa huwavizia kaa na kamba, na papo hapo hujificha asionwe na papa, ingawa maficho haya ni ya macho tu: papa mkubwa mwenye kichwa cha nyundo hupita akipepeta kichwa juu ya mchanga, akanasa umeme hafifu utokao mwilini mwa taa, akamfukua.

Gayogayo hana matundu hayo. Yeye hulala ubavu, baada ya jicho moja kuhama utotoni na kukaa jirani ya mwenziwe. Na akiisha kujifunika kwa kutikisa mwili mzima, huvuta maji polepole kwa kinywa kilichopinda. Maji ya matamvua ya ubavu wa chini, kama ilivyochunguzwa kwa jamaa zake wa Ulaya, hayasukumwi mchangani, bali hupitishwa chini ya koo yakatokea upande wa juu. Jamii moja, Pardachirus marmoratus, inayopatikana tangu Bahari ya Shamu hata pwani yetu, ina akiba nyingine: kandokando ya mapezi yake mna vitundu vitoavyo utomvu mweupe wa sumu, na mwanachuoni wa Marekani Eugenie Clark alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba papa akiuonja hubaki kinywa wazi asiweze kuuma.

Walakini fundi mkuu, kwa rai yangu, ni Ammodytes wa Bahari ya Kaskazini, samaki mwembamba asiye na kibofu cha hewa, ambaye akiacha kuogelea huzama. Huyu huchoma mchanga kwa kichwa akazama wote, hulala humo usiku, na sehemu kubwa ya majira ya baridi haonekani. Hana tundu la juu. Huvuta maji yaliyomo baina ya chembe zenyewe. Kwa hiyo huchagua mchanga wa chembe kubwa, ambao maji hupita ndani yake, na penye tope laini hakai.