Chupa Iliyofungwa Vizuri

Kuna mzee wa Nessuit, aliyelelewa kati ya mizinga ya asali ya msitu wa Mau, ambaye hashuki kreta ya Menengai bila chupa yake. Nimemtazama akiifunga, na nasema bila kusita kwamba ile ni kazi ya fundi.

Chupa yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, ya lita moja, yenye ukuta mmoja. Zile za kuta mbili huzikataa kwa sababu haziwezi kuwekwa motoni. Hii yake huivua kifuniko akaiegesha kwenye makaa, maji ya dimbwi yakachemka humo humo. Kitako chake kimekaa ndani ya kikombe cha bati, na kati ya viwili hivyo amekunja kipande cha leso cha kuchujia tope. Kiunoni ameizungushia kamba ya nailoni, duru juu ya duru, kisha akaibana kwa pete za mpira wa ndani wa baiskeli. Pete hizo hushika kisu, na kuni zikilowa, hukatwa vipande vya kuwashia, kwani mpira huwaka hata manyunyu yakianguka. Shingoni inaning'inia filimbi. Mtu aliyevunjika mguu hupiga kelele sauti ikamkauka. Filimbi inataka pumzi tu.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kile kichupa cha dawa chenye njiti za kiberiti. Kifuniko amekiziba kwa nta ya nyuki, aliyoikanda kwa vidole mpaka ikalegea. Ukikinusa unapata moshi na asali pamoja. Aliniambia kwamba wazee wake walibeba kibuyu, mfuko wa ngozi na vijiti vya kupekechea moto, na kwamba nta ndiyo iliyoziba nyufa za kibuyu. Kibuyu kimekwenda, vijiti vimekwenda, nta imebaki na kazi yake ile ile. Nilikishika kile kichupa kwa muda mrefu. Sikutaka kukirudisha.

Menengai inadai uangalifu huo. Ukingo wake umepanda hadi mita 2,278, na sakafu iko karibu mita 500 chini, mawe meusi ya volkano yasiyo na mto wala kijito. Mvua ikinyesha huzama. Mvuke upo tele, ila si wa kunywa ukiwa mikono mitupu. Kule Eburru, ng'ambo ya Elementaita, wenyeji huunasa mvuke wa ardhini kwa mabomba, ukapoa ukawa maji ya nyumbani. Hiyo nayo ni akili ya watu walioishi na kiu wakaisoma.

Sisi tumesoma nini? Tarehe 5 Juni 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku plastiki ya kutumika mara moja katika hifadhi, Ziwa Nakuru na Longonot zikiwemo. Ilikuwa sheria njema. Lakini aliyezoea chupa ya kutupa huzoea pia kutopanga. Vijana wetu wanapanda kutoka mjini na nusu lita ya maji na simu yenye chaji kidogo, wakiamini kwamba mtu atakuja kuwachukua.

Na msitu uliotoa nta unakonda. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliwapa Waogiek, wenyeji wa msitu huo, ushindi katika kesi ya kuondolewa kwao tarehe 26 Mei 2017, na bado familia zimeendelea kuondolewa Mau. Pasipo miti hakuna mizinga, na pasipo mizinga hakuna mtoto anayekaa kando ya babu yake akimwona akikanda nta.

Madukani sasa vinauzwa vifurushi vya dharura vilivyofungwa tayari. Mnunuzi hukitia kifurushi kwenye buti la gari na hakifungui miaka nenda miaka rudi, hajui kiberiti kimelowa wala kamba imeoza. Mzee huifungua chupa yake yote kila mwezi, akaikagua kitu kwa kitu, akaifunga upya. Wajukuu wake wako mjini, na hakuna hata mmoja aliyemwomba amfundishe.