Chanzo Hupimwa Ukiwa Nje Yake

Mtafiti mzoefu wa mtandaoni utamjua kwa wepesi wake wa kuondoka. Asiyezoea hung'ang'ania tovuti ileile, akivutiwa na nembo, herufi "Dkt." mbele ya majina na marejeo marefu. Mzoefu hufungua kurasa nyingine pembeni, atazame wengine wanasemaje juu ya wenye tovuti.

Katika utafiti uliochapishwa 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwajaribu wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho na wakaguzi wa habari. Waliwapa tovuti mbili za madaktari wa watoto: ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa kilichoanzishwa 1930, na ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho 2002. Kwa macho tu, zote zina haiba ya kitaalamu. Wakaguzi waliitambua tofauti upesi, maana walitoka nje kuulizia. Wanafunzi wengi walikiamini zaidi kile kikundi kidogo. Wanahistoria ndio wanaonishangaza: watu waliozeeka na nyaraka, lakini wengi waliyumba, kwa kuwa waliusoma ukurasa kwa makini badala ya kumchunguza mwenye tovuti.

Jina kubwa nalo lisikulaze. Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine na korona, yenye takwimu za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Takwimu zote zilitoka kampuni moja, Surgisphere, na wakaguzi huru walipoziomba, hawakupewa. Juni 4 makala ikaondolewa, hata wiki mbili hazijatimia. Kwangu hiki ndicho kipimo kikuu: takwimu ghafi anazo nani, na nani mwingine ameziona?

Tarehe na jina la mwandishi ni mambo ya kutupia jicho tu. Wingi wa tovuti usikubabaishe. Kumi zikinakili moja, bado una chanzo kimoja. Wikipedia ifungue bila aibu, ila shuka hadi marejeo yake ukasome huko.

Na kabla hujanukuu makala ya kitaaluma, itafute kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa. Haina malipo.