Fundi wa Utani

Kila kijiwe cha Dar es Salaam kina mtu ambaye mechi ya Simba na Yanga haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka yeye aseme. Si kiongozi wa tawi, na pengine msimu mzima hajakanyaga Uwanja wa Benjamin Mkapa. Lakini asubuhi ya baada ya mechi, akionekana tu anakuja, wa timu yake wanamsogezea nafasi kwenye benchi, na wa upande wa pili wanaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Wapiga kelele wako wengi, na kijiwe kimewazoea kama kilivyozoea honi za bodaboda. Huyu anasikilizwa kwa sababu ana ufundi.

Mtaji wake wa kwanza ni kumbukumbu. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo madeni hayajafutwa. Shabiki wa Yanga akinyoosha vidole vitano kukumbushia 5-1 ya Novemba 2023, mshabiki wa kawaida wa Simba hununa au humlaumu kocha. Fundi humwacha amalize, kisha humwuliza kwa upole kama kwao kuna mzee aliyekuwa uwanjani Julai 1977. Hataji idadi ya mabao. Wote walioko kwenye benchi wanajua kwamba siku ile Simba ilishinda 6-0 na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Wanamalizia wenyewe kichwani, na kicheko kinakuwa chao. Lakini akikutana na fundi mwenzake, huyo atarudi nyuma zaidi, hadi Juni 1968, Yanga iliposhinda 5-0. Hapo wa Simba anabakiwa na mlango mmoja tu wa kutokea: wakati ule klabu yake iliitwa Sunderland, jina la Simba lilikuja 1971. "Hao Sunderland na sisi tunawasikia tu," anajibu. "Deni lao wadaini wenyewe." Wanaocheka kwa sauti kubwa zaidi ni wa Yanga.

Mtaji wa pili ni kuujua mji. Wana Yanga huitwa vyura kwa sababu makao yao yako Jangwani, na mvua za masika zikikolea bonde lile hujaa maji. Kejeli hiyo kila mtoto anaijua, na mtu akiirudia mara ya mia haimpi jina. Mjuzi wa Yanga huigeuza. Anauliza: maji yanayofurika pale ni ya mto gani? Ni Mto Msimbazi. Na Simba wanajiita Wekundu wa Msimbazi. Basi anahitimisha kwamba majirani hawajui kufunga mabao wala kufunga bomba. Tazama alichofanya: hakuongeza tusi jipya, amechukua jina ambalo wenzake wanajivunia akalipeleka mahali wasipolitarajia. Ndivyo ilivyo hata kwa tambo ya Simba ya "Kwa Mkapa hatoki mtu". Baada ya zile tano za 2023, zilizofungwa Kwa Mkapa hapohapo, mtani mzuri hahitaji kutunga kitu. Anaikubali tambo hiyo ilivyo: "Ni kweli hatoki mtu, hata nyinyi hamkutoka."

Halafu kuna kujua saa ya kusema. Oktoba 20, 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0. Waliomaliza maneno yao yote dakika zile kumi na tano walijuta, kwani Simba ilirudisha matatu na mpira ukaisha 3-3. Sare ile ililiwa na wa Simba kama ushindi, na wa Yanga wakaibeba kama kipigo. Fundi hasemi wakati wa mapumziko. Anaacha walevi wa mabao watangulie, anasikiliza kila mmoja ameahidi nini, na filimbi ya mwisho ikishalia anawarudishia ahadi zao moja baada ya nyingine, bila kupandisha sauti.

Lakini kinachomfanya apendwe na pande zote mbili ni kujua mipaka. Simba na Yanga hawaitwi watani wa jadi kwa mapambo. Utani ni mila ya nchi hii: Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana tangu enzi za misafara ya biashara iliyoshuka pwani, na mtani aliruhusiwa kufanya vituko hadi msibani kwa sababu ni huyohuyo aliyesaidia kazi za mazishi. Ruhusa ya kumkejeli mtu iliambatana na wajibu wa kumfaa. Vijiweni sharti hilo bado linafanya kazi. Klabu, kocha, usajili mbovu na "kamati ya ufundi" inayosingiziwa uganga ni halali. Kabila la mtu, dini yake, deni lake la duka na ndoa yake si halali. Mchezaji aliyevunjika mguu haguswi. Anayevuka hapo anaweza kuchekewa siku moja, ila kesho watu watamhama benchi.

Namjua mama ntilie mmoja wa Kariakoo, Yanga damu, ambaye Simba ikifungwa huwauliza wateja wake wa Simba kama leo waanze na supu au na pole. Wanaguna, wanakaa, wanakula. Mmoja wao alipofiwa, mama huyo ndiye aliyefunga biashara mapema akaenda kupika msibani. Asubuhi ya Simba kushinda foleni kwake huwa ndefu kuliko kawaida, maana kila aliyewahi kupewa pole anakuja kuirudisha. Naye anafungua mapema siku hiyo, amevaa kijani na njano.

Siku hizi utani umekuwa pia ajira. Klabu zina wasemaji wenye kipaza sauti na kamera, na msemaji Haji Manara alipohama Simba kwenda Yanga mwaka 2021 ilikuwa habari kubwa sawa na usajili wa mshambuliaji. Alikuwa anakwenda katika klabu aliyoichezea baba yake, Sunday Manara. Siwadharau wasemaji, kujaza uwanja wa watu 60,000 kwa maneno si jambo dogo. Ila msemaji analindwa na klabu yake, na akimaliza anaondoka na gari. Wa kijiweni anakaa bega kwa bega na aliyemtania, na kesho watakaa hapohapo.

Kwa hiyo mizani yake ni siku ya kufungwa. Kila timu ina mashabiki wanaougua malaria ghafla asubuhi ya kipigo, wengine wanapita mtaa wa nyuma. Fundi anakuja, tena mapema, na jezi ameivaa. Anaagiza kahawa, anawaambia waanze, na wakikosa maneno anawasaidia kujisema mwenyewe. Kijana unayetaka jina kijiweni, usianze kwa kukariri kejeli. Anza kwa kwenda siku timu yako imefungwa, ukae mpaka wote wamalize, na kahawa yao ulipe wewe.